Jicho la Muhtasibu Kwenye Duka la Dawa

Ndugu msomaji, nyanya sokoni waibonyeza tu ukajua kama imeoza. Je, chupa ya dawa utaibonyeza vipi? Hapo huna budi kumuamini aliyeichanganya, na ndipo watawala wa Kiislamu walipoingilia kati zamani sana.

Sabur ibn Sahl, tabibu Mkristo aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu cha vipimo na namna ya kuchanganya dawa. Kikatumika hospitalini na madukani, ili kila mtu asijichanganyie apendavyo.

Lakini kitabu bila msimamizi ni karatasi tu. Muhtasibu, yule mkaguzi wa soko, akapewa na maduka ya dawa ayaangalie. Karne ya 12 huko Sham, al-Shayzari alimwandikia muhtasibu hila za wauzaji. Afyuni, kwa mfano, ilitiwa gundi au maji ya majani mengine. Akaeleza na dawa ya hila hiyo: iyeyushe majini, kisha uinuse.

Usidhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2012, famasi moja ya Massachusetts, Marekani, ilitengeneza dawa za sindano zilizoingia kuvu. Watu zaidi ya 700 waliugua, zaidi ya 60 wakafa. Mwaka 2013 sheria ikakazwa.

Kwetu Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasia na Sumu, chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1957. Basi ukiingia dukani, angalia leseni ukutani, na usione haya kuuliza: dawa hii kaichanganya nani? Mwili ni amana, ndugu yangu.