Intapreta ya Scheme ionyeshe data ilivyo

Vijana wetu wanaojifunza programu huanza na lugha zenye soko, nami siwalaumu. Lakini anayetaka kujua lugha ya kompyuta inavyofanya kazi kwa ndani, humshauri ajitengenezee intapreta ndogo ya Scheme, lugha iliyobuniwa na Guy Steele na Gerald Sussman huko MIT, Marekani, mwaka 1975. Wengi huimaliza vizuri, kisha wakazembea kwenye kuchapa jawabu kwenye skrini.

Data nyingi za Scheme hujengwa kwa jozi. Orodha ya samaki watatu ni jozi tatu: kila moja ina jina upande wa kwanza, na upande wa pili inashika jozi inayofuata. Ya mwisho inashika orodha tupu. Ukiichapa kama ilivyo ndani, utapata (papa . (nguru . (changu . ()))). Si uongo, lakini nani atasoma? Upande wa pili ukiwa jozi, acha nukta na mabano, uendelee mbele. Ukiwa orodha tupu, funga. Ukiwa kitu kingine, hapo ndipo uweke nukta. Utapata (papa nguru changu).

Kuna pia amri mbili za kuchapa. display humwandikia mtu, write huandika kwa namna ambayo intapreta yenyewe itaweza kuisoma tena. Orodha yenye 5 ya maandishi na 5 ya hesabu, display huitoa (5 5), write huitoa ("5" 5). Mimi nasema intapreta ijibu kwa write. Mwanafunzi ambaye hesabu yake inakataa kujumlika, akionyeshwa (5 5), atakesha bure.

Kazi kubwa iko kwenye duara. Jozi ya mwisho yaweza kushika ile ya kwanza, kama uzi wa tasbihi, na intapreta isiyoweka alama itahesabu punje mpaka umeme ukatike (kwetu huenda isiwe muda mrefu). Kiwango cha R7RS cha mwaka 2013 kinataka lebo penye duara: #0=(1 2 . #0#). Yaani hapa paitwe sifuri, kisha rudi sifuri.

Pita mara mbili. Safari ya kwanza usichape kitu. Kumbuka kila jozi unayoingia, na ukiikuta tena kabla hujatoka ndani yake, hilo ni duara. Itambue jozi kwa mahali pake kwenye kumbukumbu, kwani mbili zaweza kufanana na zisiwe moja. Vekta nazo zikaguliwe hivyo hivyo. Safari ya pili ndiyo ya kuchapa. Jozi iliyoshikwa mahali pawili bila duara, write huirudia tu. Anayetaka kuona ushirika huo atumie write-shared.

Jaribu mwisho jozi inayojishika yenyewe pande zote mbili. Jawabu sahihi ni #0=(#0# . #0#). Ile kanuni ya kuacha nukta haifai hapa: jozi ya upande wa pili ikiwa na lebo, nukta ibaki.