Taarab ya Kiswahili Haikuzaliwa Ikulu

Karibu kila anayeandika historia ya taarab huanzia ikulu ya Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Kisha mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Hayo yalitokea, sina ugomvi nayo. Ninachokikataa ni hitimisho linalofuatia: kwamba taarab ya Kiswahili ni tunu iliyoshuka kutoka kwa masultani, na watu weusi wa Ng'ambo, mtaa wa maskini wa mji wa Unguja, waliipokea tu. Wanaoshikilia hivyo wamesoma vitabu vingi na kusikiliza santuri chache.

Santuri ndizo ushahidi uliopuuzwa. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwapeleka Bombay waimbaji na wapigaji kutoka Unguja, wakarekodi kwa Kiswahili. Aliyetangulia kwa umaarufu alikuwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, wazazi wake wakiwa na asili ya Unyamwezi na Uzigua, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 alikuwa tayari msichana mkubwa. Alikulia katika ufinyanzi, akitembeza vyungu mjini, mpaka alipohamia huko mwaka 1911. Wapinzani wake walimtungia mafumbo ya kumsuta kwamba katoka shamba na kaniki yake, vazi la watumwa na maskini. Alijibu kwa wimbo.

Kila upande wa sahani zile hauchukui zaidi ya dakika tatu na kitu. Sindano inakwaruza, udi unaingia, fidla inaufuata, kisha inakuja sauti ya Siti, kavu kidogo, isiyobembeleza mtu. Chukua wimbo wa Kijiti. Ni kisa cha mauaji yaliyotikisa mji: mwanamume amemtoa mwanamke mgeni kwenda naye ngomani, akamuua, akavuka bahari kukimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, walioadhibiwa ni wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe, na muuaji hakupatikana. Siti anaimba haya kwa majina ya watu. Ni mashtaka dhidi ya mahakama ya wakoloni, na yaliuzwa madukani kwa yeyote mwenye fedha ya kununua sahani. Asiye na santuri aliweza kuisikia kwenye mkahawa. Redio bado: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na Siti alikuwa amefariki Julai 1950.

Je, ni mwanamuziki gani wa Cairo aliyewafundisha habari za Kijiti? Kinanda na maqamu vilitoka ng'ambo ya bahari, naam. Lakini lugha, kisa, hasira na ujasiri wa kumtaja hakimu vilikuwa vya vibanda vya makuti vya Ng'ambo.

Wapo wanaopunguza sifa zake kwa hoja nyingine, na hii inastahili kusikilizwa. Wanasema Siti hakujua kusoma wala kuandika, na kwamba tungo zilikuwa za wanaume wa kundi lake: Subeti Ambari, Mbaruk Effandi Talsam aliyekuwa kipofu, Buda Suedi, Maalim Shaaban. Ni kweli walitunga, na majina yao yasipotee. Ila kundi lile lilikusanyika nyumbani kwa Siti, jioni baada ya jioni, majirani wakileta habari za mtaa na beti zikijadiliwa mbele ya wote mpaka zikae. Utunzi wa namna hiyo hauna mwenyewe mmoja, na aliyeubeba hadharani, akabeba na matusi yake, ni Siti. Shaaban Robert alilitambua hilo alipoandika wasifu wake, ingawa alivutiwa zaidi na tabia njema za mama huyu kuliko na ukali wa nyimbo zake. Ndiyo maana wasomaji wengi wa Wasifu wanamjua Siti mpole tu.

Yaliyofuata yanajulikana: vikundi vya wanawake, Bi Kidude aliyejifunza kwa kumsikiliza, taarab ya kisasa. Waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao chini ya chama chao, TAMWA, waliliita Sauti ya Siti, na nadhani walimwelewa kuliko wanahistoria wengi.

Kwa hiyo ninasema wazi: anayeandika kuanza kwa taarab ya Kiswahili aandike 1928, na aandike majina ya watu weusi waliokwenda Bombay kabla ya jina la sultani yeyote. Nawe msomaji, kama kuna sahani za zamani kwenye sanduku la bibi yako, zimepasuka au nzima, usizitupe. Nakili kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya katikati, kisha uzipeleke kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar.