Ufadhili wa Sayansi na Barafu ya Rwenzori

Wanasayansi wa barafu wanapotajwa, wengi wetu hufikiria Antaktika. Mimi naona historia yao inapita Uganda pia. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, uliodumu kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958, uliunganisha wanasayansi wa nchi zaidi ya 60, na serikali zikatoa fedha. Antaktika ilijengewa vituo vipya. Watafiti wa Makerere nao, katika mpango huohuo, walipanda Rwenzori kupima barafu. Vipimo vyao vinatusaidia leo kujua ni kiasi gani kimeyeyuka. Kwa hiyo, ufadhili huamua hata kumbukumbu tutakayobaki nayo: mwaka usiopimwa haupimiki tena. Barafu ya Rwenzori inakaribia kwisha, na fedha za kuipima zinahitajika sasa.