Tuzo, Nishani na Cheo: Historia ya Heshima za Taifa Itazamwapo kutoka Kibera na Kawangware

1. Utangulizi

Kwa desturi, ifikapo tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, Rais wa Kenya huwatunuku nishani raia waliolitumikia taifa. Mjadala unaofuata huwa ni wa majina: fulani alistahili, fulani hakustahili. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali linalotangulia hilo, yaani, ni nani mwenye mamlaka ya kuitambua sifa ya mtu, na mamlaka hayo yalitoka wapi. Mifano imechukuliwa katika mitaa miwili ya Nairobi, Kawangware na Kibera, kwa kuwa historia yake yaonyesha njia mbili ambazo dola ilizitumia kumheshimu mtu kabla ya kuwapo Jamhuri: kumpa cheo na kumpa ardhi. Hoja yenyewe ni kwamba nishani za Kenya zilirithi msamiati wa utawala wa kikoloni, na kwamba sheria ya mwaka 2013 iliufungua mlango wa uteuzi bila ya kuugusa msamiati huo.

2. Tuzo na Nishani

Kiswahili kinayo maneno mawili ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni visawe. Tuzo ni nomino itokanayo na kitenzi kutuza. Katika ngoma na taarabu, anayetuza ni mtazamaji: huinuka mbele ya watu, akamwendea mwimbaji na kumpa fedha kwa kuwa amependezwa. Sifa hutoka kwa hadhira, nayo hutolewa papo hapo, kila mtu akishuhudia. Nishani, kwa upande mwingine, ina asili ya Kiajemi na maana yake ya kwanza ni alama. Ni kitu kinachobandikwa kifuani na mwenye enzi. Unguja iliijua desturi hiyo tangu enzi ya Sayyid Barghash bin Said (1870–1888), aliyekuwa na nishani yake ya Nyota. Kwa hiyo tuzo hupanda kutoka kwa watu, na nishani hushuka kutoka kwa mtawala. Tofauti hii ndiyo msingi wa uchambuzi unaofuata.

3. Kawangware: Heshima ya Cheo

Kawangware imo katika eneo la Dagoretti, ambalo lilikuwa sehemu ya Kiambu mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa karibu na wakati wa Uhuru, mwaka 1963. Wakikuyu wa huko hawakuwa na machifu. Mamlaka yalikuwa ya kiama, baraza la wazee, na mtu aliingia humo kwa umri, kwa kutoa mbuzi wa ada, na kwa busara iliyoonekana katika kuamua kesi. Hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kumtangaza mwenzake kuwa mzee.

Mambo yalibadilika Kampuni ya Kiingereza ilipojenga ngome zake Dagoretti na Kabete, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Waiyaki wa Hinga, aliyekuwa na sauti miongoni mwa watu wake, alikamatwa mwaka 1892 akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Aliyeinuliwa baadaye ni Kinyanjui wa Gathirimu, aliyepata nafasi yake kwa kuwatumikia wageni hao. Serikali ya kikoloni ilimfanya chifu, kisha ikamkuza hadi kuwa chifu mkuu, naye alishika cheo hicho mpaka alipofariki mwaka 1929. Sheria ya mwaka 1902 iliyohusu wakuu wa vijiji iliufanya uteuzi wa namna hiyo kuwa utaratibu wa nchi nzima.

Haidhuru hapa kama Kinyanjui alikuwa mtu mwema au mbaya. Linalohusu historia ya heshima ni kwamba sifa yake ilithibitishwa na ofisi. Neno chifu liliingia katika Kiswahili cha Kenya likiwa na maana hiyo: mtu aliyechaguliwa na walio juu yake ili awaamuru walio chini yake.

4. Kibera: Heshima ya Ardhi

Kibera ilianza kwa njia nyingine. Mwaka 1904 askari wenye asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles walianza kupewa makao katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi. Wanubi, wazao wao, waliuita mahali hapo kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo, lenye zaidi kidogo ya ekari 4,000, lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi. Askari aliyekamilisha utumishi wake aliruhusiwa kulima na kujenga huko.

Askari hao walipewa medali pia, lakini medali zenyewe zilibaguliwa. Kwa muda mrefu medali ya ushujaa ya askari Mwafrika wa jeshi hilo ilikuwa ya namna yake, mbali na ile waliyopewa askari wa Kiingereza. Hata hivyo medali aliyopewa mtu hakuna aliyeidai irudishwe. Ardhi haikuwa hivyo. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ilipotoa maoni yake katika miaka ya 1930, iliwahesabu Wanubi wa Kibera kuwa ni wapangaji kwa hiari ya Serikali, ingawa ilikiri kwamba Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatafutia makao. Waliodhani wametuzwa waliambiwa kwamba wameazimwa. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya kumiliki ardhi, nayo ilikuwa ya ekari 288.

Funzo la Kibera ni zito. Dola huwa karimu kwa alama isiyoigharimu kitu, na huwa nzito wa kutoa heshima inayoifunga kwa haki ya kisheria.

5. Nishani za Jamhuri

Jamhuri ilipounda nishani zake, iliyaweka kando majina ya dola ya Uingereza na kutafuta ya Kiafrika. Nishani mbili za juu ziliitwa Moyo wa Dhahabu wa Kenya na Mkuki Uwakao, hili la pili likiwa ni jina lililohusishwa na Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe. Kila moja iligawanywa katika daraja tatu: Chifu, Mzee na Morani, kutoka juu kwenda chini.

Kwa mtazamo wa kwanza mpangilio huu ni wa kienyeji kabisa. Ukichunguzwa, unaonyesha jambo jingine. Katika kiama hapakuwa na chifu juu ya mzee. Chifu yuko juu ya mzee katika baraza la Bwana D.C. Aidha, kwa Wamaasai, umorani ni rika: vijana huuingia kwa pamoja, na hakuna anayeteuliwa peke yake kwa sababu ya sifa zake. Maneno ni ya Kiafrika, lakini sarufi inayoyapanga ni ya utawala.

Matokeo yake yanaonekana mitaani. Katika vijiji vya Kibera kama vile Makina, Laini Saba na Silanga, na vilevile Kawangware, yuko mtu aitwaye mzee wa kijiji. Husuluhisha ugomvi wa majirani, hushuhudia makubaliano na huitwa usiku nyumba inapoungua. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa bila ya mshahara. Lakini "Mzee" wa Mkuki Uwakao mara nyingi ni mtu mwenye cheo serikalini. Neno ni moja. Anayelitamka ndiye aliyebadilika.

Yaweza kujibiwa kwamba wasio na vyeo wamekwisha kutunukiwa. Ni kweli: Eliud Kipchoge alipewa daraja ya Mzee wa Moyo wa Dhahabu mwaka 2019. Lakini mfano wa Wangari Maathai wataka uangalifu. Kazi yake ya miti aliianza mwaka 1977, na kwa ajili yake alitukanwa na kupigwa. Nishani ya Mkuki Uwakao ilimfikia mwaka 2003, alipokuwa tayari Mbunge na Naibu Waziri.

6. Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba Rais hutunuku heshima kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Sheria ya Heshima za Taifa ya mwaka 2013 ikaeleza sifa za wanaostahili na kuweka kamati za kuyachuja majina, na wananchi huweza kupendekeza. Kwa maneno mengine, sheria imejaribu kuiunganisha tuzo na nishani: sifa ipande kutoka kwa watu kabla ya alama kushuka kutoka kwa Rais.

Kiungo hicho bado ni dhaifu mahali pa lugha. Pendekezo hutaka maandishi, na sifa za mzee wa Makina au mkunga wa Kawangware zimo vinywani mwa majirani zake, kwa Kiswahili. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo majina ya nishani kisheria ni ya Kiingereza, isipokuwa moja iitwayo Uzalendo. Kuyatafsiri majina hakutatosha. Linalohitajika ni kuupokea ushahidi wa barazani, uliotolewa hadharani na kuandikwa kama ulivyosemwa, uwe na uzito sawa na barua ya ofisi. Hapo ndipo nishani itakapokuwa tuzo pia.