Mfadhili wa Bweranyange

Novemba 1861, John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange, makao ya Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe. Safari yao ilikuwa na fedha za serikali ya Uingereza, zilizoombwa kupitia Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Walitumwa kutafuta chanzo cha Nile; Speke akaishia pia kupima unene wa mwanamke wa familia ya kifalme aliyenenepeshwa kwa maziwa. Utafiti huo, tukiuita hivyo, haukuwa na adabu.

Grant, mguu ukimuuma, alibaki hadi Aprili 1862 akitunzwa na Rumanyika, mfadhili asiyeandikiwa ombi.

Leo mtafiti mgeni anayekwenda wilaya ya Karagwe au Kyerwa huomba kwanza kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania.