Nyaraka za Kongo na Wasomaji Wake

1. Utangulizi

Neno waraka limetoka katika Kiarabu, ambako huhusiana na jani na karatasi. Katika Kiswahili waraka ulikuwa kwanza barua, hasa barua yenye uzito. Wingi wake, nyaraka, siku hizi hutumika pia kwa maandishi yote ambayo ofisi, shirika au mtu ameyaandika au kuyapokea katika shughuli zake, kisha akayatunza yawe ushahidi. Nchini Kenya jumba la kuyahifadhi huitwa makavazi. Tanzania husema Nyaraka za Taifa. Mjini Lubumbashi wengi husema arshivi, kwa kufuata Kifaransa. Majina ni mbalimbali, lakini kazi ni moja. Hata hivyo, mtu anayeifanya kazi hiyo hana sifa kubwa mbele ya umma: mtunza nyaraka hudhaniwa kuwa mlinzi wa ghala tu.

Makala hii yahusu mtu huyo, na nafasi anayoachiwa leo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya nyaraka za Kongo yaonyesha kwamba hata daftari lenyewe laweza kupotea, tena kwa njia tatu: kwa moto, kwa safari, na kwa kukosa msomaji. Njia mbili za kwanza zimekwisha kuzungumzwa sana. Ya tatu haisemwi mara nyingi, na ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya idara za Kiswahili.

2. Moto wa 1908

Tangu 1885 Dola Huru ya Kongo ilikuwa chini ya Leopold II mwenyewe, wala haikuwa koloni la Ubelgiji. Mwaka 1908, baada ya lawama nyingi juu ya mpira na mikono iliyokatwa, Bunge la Ubelgiji likakubali kuichukua. Mwezi wa Agosti mwaka huo, kabla ya makabidhiano, tanuri za Brussels zilifanya kazi siku 8 mfululizo zikiteketeza nyaraka za Dola Huru kwa amri ya mfalme. Habari hiyo ilisimuliwa na Gustave Stinglhamber, ofisa aliyekuwa akimtumikia mfalme.

Si zote zilizoteketea. Tume ya uchunguzi ya 1904-1905 ilikuwa imepokea ushahidi wa Wakongo wenyewe, wanaume kwa wanawake. Ripoti ya tume ilichapishwa 1905, lakini maneno ya mashahidi hayakuchapishwa. Yaliwekwa mahali ambapo watafiti hawakuruhusiwa kuyaona mpaka miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya tume akaeleza jinsi ndugu zake walivyouawa alisubiri miaka zaidi ya 70 kabla ya neno lake kusomwa na mwanahistoria.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili: waliochoma walijua thamani ya walichokichoma. Hakuna anayewasha tanuri siku 8 kwa ajili ya takataka. Nyaraka za utawala huandikwa kwa haja ya siku ile, lakini zikikaa pamoja hugeuka shahidi, na shahidi huyo hamwogopi aliyemwandika.

3. Safari ya 1960

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Katika miezi ya kukaribia siku hiyo, nyaraka nyingi za serikali ya kikoloni zilifungwa masandukuni zikapelekwa Ubelgiji. Ndizo zilizokuja kuitwa Nyaraka za Afrika, nazo zikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje mjini Brussels, pamoja na zile za Ruanda-Urundi, eneo lililogawanyika kuwa nchi mbili huru tarehe 1 Julai 1962. Katika miaka ya karibuni ukaanza kazi mrefu wa kuzihamishia katika Nyaraka za Taifa za Ubelgiji. Mwongozo wa kwanza wa kuzitumia, ulioandikwa na mtunza nyaraka Madeleine Van Grieken-Taverniers, ulitoka 1981, miaka 21 baada ya uhuru.

Upande wa Kongo, sheria namba 78-013 ya tarehe 11 Julai 1978 iliweka utaratibu wa jumla wa nyaraka. Lakini sheria peke yake haizuii mchwa wala haipunguzi unyevu. Faili lililobaki katika ofisi ya wilaya lilihitaji rafu, sanduku na mtu wa kuliorodhesha. Mahali ambapo watatu hao hawakuwapo, lilikwisha taratibu bila moto wala amri ya mtu.

Je, suala hili ni la wanahistoria tu? Sivyo. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba Dola ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowachukua wanawake watano, wakiwa wadogo, kutoka kwa mama zao katika Kongo ya Kibelgiji, kwa sababu tu mama alikuwa Mwafrika na baba alikuwa Mzungu. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Katika kesi hiyo maandishi ya utawala wa kikoloni yalisaidia kuonyesha kwamba kuchukuliwa kwao hakukuwa bahati mbaya ya watu watano, bali utaratibu uliopangwa. Wako wengine wengi wa hali hiyo, katika Kongo, Rwanda na Burundi, ambao bado hutafuta jina la mama, jina la baba au tarehe ya kuzaliwa. Jibu lao limo katika faili fulani, katika rafu fulani, na haliwezi kuonekana kama faili hilo halikuorodheshwa.

Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022, iliyofungua njia ya kurudisha mali za kitamaduni zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, iliziacha nje nyaraka. Kinyago chaweza kurudi, lakini waraka unaoeleza jinsi kinyago kilivyochukuliwa haumo katika sheria hiyo. Kwa hiyo njia iliyo wazi zaidi leo ni ya nakala, nazo nakala hazifai kitu pasipo maelezo sahihi ya kila faili.

4. Kukosa msomaji

Njia ya tatu ya kupotea ni ya kimya. Waraka upo, haujachomwa, umefungwa vizuri sandukuni, ila hakuna anayeweza kuusoma.

Katika miaka ya 1880 na 1890, katika Maniema, katika maporomoko ya Kisangani na kando ya Tanganyika, watu waliandikiana barua kwa hati za Kiarabu, nyingine kwa lugha ya Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili. Ilikuwa zama za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls kwa mkataba wa 1887 uliofanyika Unguja. Vita vya 1892-1894 vilipoangusha Nyangwe na Kasongo, utawala huo ulikwisha, na sehemu ya barua hizo ikafika Ubelgiji pamoja na karatasi za maofisa wa Dola Huru. Huko zikakaa. Wanahistoria waliojua Kifaransa na Kiholanzi walizipita, wakaandika historia ya vita hivyo kwa kalamu ya upande mmoja. Mwaka 2020 Xavier Luffin alitoa kitabu juu ya nyaraka za Kiarabu na za Kiswahili zilizomo katika hifadhi za Ubelgiji, za miaka 1880 mpaka 1899, na ndipo sauti za upande wa pili zilipoanza kusikika kwa wasomaji wengi zaidi.

Ugumu wa barua hizo si wa historia, ni wa lugha. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo toa na tua huweza kuandikwa sawa. Mara nyingi herufi moja hubeba b na p, hata pata na bata zisitofautiane kwa jicho. Mwandishi wa zamani aliweza pia kuiacha n au m iliyotangulia konsonanti. Anayejua Kiarabu bila Kiswahili hutamka kila herufi na asipate maana. Anayejua Kiswahili bila hati hiyo haanzi hata mstari wa kwanza. Mjini Berlin, Carl Büttner alikwisha kuchapa mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili katika hati za Kiarabu, kwa ajili ya wanafunzi wake. Miaka zaidi ya 130 imepita, na maarifa hayo ya kwanza kabisa kwa historia ya Maniema bado ni ya wachache miongoni mwa wenyewe wasemao Kiswahili.

Mfano wa pili ni wa Katanga, tena wa hati za Kilatini. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi. Aliiandika kwa Kiswahili cha mjini, kwa niaba ya wale waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Ni historia ya ukoloni kama ilivyoonekana kutoka jikoni na barazani, na mwandishi wake hakungoja idhini ya chuo wala ya serikali. Andiko hilo lilipigwa kwa mashine bila tahajia moja na bila kutenganisha maneno sawasawa. Johannes Fabian, aliyelichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, hakuweza kulifungua kwa macho peke yake. Ilimbidi Kalundi Mango alisome kwa sauti, akilirudishia pumzi na vituo vyake, ndipo maneno yakaachana na maana ikatokea.

Mifano hii miwili yafundisha jambo moja. Barua ya Kasongo na andiko la Elisabethville yaliokolewa na watu wawili walio mmoja: mtunza aliyelinda karatasi, na msomaji aliyeielewa lugha. Mmoja akikosekana, kazi ya mwenziwe ni bure.

5. Kazi na nafasi zake

Kazi ya mtunza nyaraka ina kanuni zake. Ya kwanza ni kuheshimu asili: karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine, hata zikihusu jambo moja, kwa sababu mahali waraka ulipotoka ni sehemu ya maana yake. Ya pili ni kuhifadhi mpango wa kwanza, kama wenyewe walivyoupanga. Ya tatu ni kueleza: nani aliandika, lini, kwa shughuli gani, kwa lugha gani. Baraza la Kimataifa la Nyaraka, lililoanzishwa 1948, lilitoa mwaka 1994 kanuni za jumla za maelezo hayo, ili orodha ya Lubumbashi isomeke Dakar au Nairobi. Pale kwenye swali la lugha ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Orodha ikisema tu kwamba barua ni ya lugha ya kienyeji, barua hiyo imezikwa mara ya pili.

Mafunzo yapo. Kwa wasomao Kifaransa, shule ya wakutubi, watunza nyaraka na wanadokumentasia ya Dakar, EBAD, imewafundisha Waafrika wa nchi nyingi tangu miaka ya 1960, na jukwaa la Kifaransa la PIAF, lililofunguliwa 2005, hutoa masomo ya ufundi huo bila malipo. Kwa wasomao Kiingereza, Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari 1988, na Chuo cha Utumishi wa Umma cha Tanzania hufundisha utunzaji wa kumbukumbu. Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, njia ya kuelekea huko imekuwa fupi zaidi kuliko zamani.

Fedha nazo hazikosekani kabisa. Mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, ulioanza 2004, husaidia kupiga picha nyaraka za kale, kwa sharti moja lenye hekima: karatasi zenyewe haziondoki katika nchi yake. Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles kilifungua 2018 mpango wa namna hiyo kwa nyaraka za karne ya 20. Anayeomba msaada kama huo hutakiwa kuonyesha nyaraka zilipo, mwenye mali, hatari inayozikabili na mtu awezaye kuzieleza. Mambo matatu ya kwanza hupatikana kwa kutembea parokiani, kambini kwa wafanyakazi, kwa mahakama za wenyeji na kwa familia zilizoshika barua za mababu. La nne hupatikana darasani.

Mfano wa kukusanya uko karibu. Tangu 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi umewaomba wakazi wa mji walete kumbukumbu zao, kwa maneno na kwa vitu. Kanda za sauti za mazungumzo kama hayo ni nyaraka sawa na faili la liwali, nazo zahitaji tarehe, jina na orodha, la sivyo zitakuwa kelele tupu kwa wajukuu.

6. Hitimisho

Moto wa 1908 hauzimiki tena, na masanduku ya 1960 yatajadiliwa na serikali mbili kwa muda. Katika mambo hayo chuo kikuu kina sauti, lakini hakina amri. Kukosa msomaji ni jambo jingine: hilo halingoji mkataba. Saa mbili kwa juma za kusoma Kiswahili katika hati za Kiarabu, pamoja na somo moja la kuorodhesha nyaraka, zingetosha kuanza, na mhitimu wa Kiswahili angetoka na kazi mkononi ambayo mwenye Kifaransa peke yake hawezi kuifanya.

Mashahidi wa 1905 walisema, na maneno yao yakaandikwa. Waandishi wa Kasongo waliandika, na barua zao zikahifadhiwa. Yav naye aliandika bila kuombwa na mtu. Wote watatu walitimiza sehemu yao. Iliyobaki ni ya msomaji.