Kutoka Mbiu hadi Mkondo: Historia Fupi ya Upitishaji wa Ujumbe katika Redis

Makala haya yanafuatilia jinsi Redis, hifadhidata inayotunza data zake katika kumbukumbu ya kompyuta, ilivyokuja kuwa njia ya kupitishia ujumbe baina ya programu. Hoja yake ni kwamba kila hatua ya historia hiyo ilikuwa jibu la swali moja: nani anawajibika kwa ujumbe ambao mpokeaji wake hayupo?

Redis ilianzishwa mwaka 2009 na Salvatore Sanfilippo, mwanaprogramu wa Italia. Huduma yake ya LLOOGG ilionyesha papo kwa papo watu waliokuwa wakitembelea tovuti, na hifadhidata iliyotegemea diski haikumudu kasi hiyo. Alichofanya ni kuweka orodha katika kumbukumbu. Punde orodha hizo zikatumiwa kama foleni: programu moja hutia ujumbe upande mmoja, nyingine huutoa upande wa pili. Hata hivyo, katika matumizi yake ya kawaida, ujumbe ukishatolewa haupo tena. Programu iliyouchukua ikizimika kabla ya kumaliza kazi, ujumbe hupotea nayo.

Toleo la 2.0 la mwaka 2010 liliongeza utangazaji, ambapo ujumbe mmoja huwafikia wote waliojiunga na chaneli. Huo ulikuwa mfano wa mbiu ya mgambo: aliyepo huisikia, aliye shambani huikosa, wala hakuna nakala inayobaki kwa ajili yake.

Mwaka 2011 kampuni ya LinkedIn iliufanya mfumo wake wa Kafka kuwa huria. Kafka ilitunza ujumbe mithili ya daftari ambalo kila msomaji hukumbuka mstari aliofikia. Dhana yake ya kundi la wasomaji iliathiri aina mpya ya data iliyoletwa na toleo la 5.0 la Redis mnamo Oktoba 2018, yaani mkondo. Kila ingizo la mkondo hupewa kitambulisho chenye sehemu mbili: wakati kwa milisekunde na namba ya mfuatano. Kusoma hakufuti. Wasomaji wa kundi moja hugawana ujumbe, na kila uliokabidhiwa hubaki katika orodha ya viporo hadi mpokeaji athibitishe kuwa ameushughulikia. Asipothibitisha, msomaji mwingine anaweza kuuchukua. Hata hivyo, mkondo usipopunguzwa hujaza kumbukumbu; na umeme ukikatika, kinachosalia hutegemea jinsi uandishi katika diski ulivyopangwa.

Toleo hilohilo lilianza pia kuondoa neno la Kiingereza lenye maana ya 'mtumwa', lililotumika kwa seva inayoiga nyingine, na kuweka lenye maana ya 'nakala'. Jambo hili linawahusu wanaistilahi wa Kiswahili. Tafsiri sisisi ya istilahi za awali ingepandikiza 'bwana' na 'mtumwa' katika lugha ya pwani ambayo biashara ya utumwa imo katika historia yake. 'Seva kuu' na 'seva nakala' hueleza kazi ileile kwa usahihi zaidi.

Badiliko la karibuni linahusu umiliki. Mnamo Machi 2024 kampuni inayomiliki Redis iliacha leseni huria ya BSD na kuweka leseni zenye masharti zaidi, hasa kwa wanaouza huduma hiyo. Katika mwezi huohuo Linux Foundation ilitangaza Valkey, mradi ulioendeleza msimbo wa awali chini ya BSD. Mei 2025, Redis 8 iliongeza chaguo la leseni huria ya AGPL.

Historia hii ina funzo kwa washauri wa sera. Mfumo wa umma unaopitisha taarifa za malipo au za wagonjwa hauwezi kuchaguliwa kwa kigezo cha kasi pekee. Ni lazima ijulikane mapema ujumbe usiothibitishwa utakuwa wapi, utadumu muda gani, na nani ana mamlaka ya kubadili masharti ya chombo kinachoubeba.